Maswali ya Wasomaji: Kuvu Mmoja, Majina Matatu

Barua za mwezi huu zimetufikia kutoka Ifakara, Busia, Narok na Murang'a. Waandishi wake hawafahamiani, lakini wote wanne wametatizwa na jambo moja: majina ya kuvu wanaoishi kwenye mimea ya jamii ya nyasi, ambayo ndiyo jamii ya mpunga, mahindi, ngano, ulezi na malisho ya ng'ombe wetu. Barua tumezifupisha bila kugusa maana yake. Jibu la pili ni refu kuliko mengine, na wasomaji watatuwia radhi, kwa kuwa ndani yake kuna ugomvi wa majirani wawili.

SWALI: Bwana Mtaalamu, ninauza pembejeo. Kitabu nilichosomea chuoni kinasema kuwa blasti ya mpunga huletwa na Magnaporthe grisea. Kipeperushi tulichopewa kwenye mafunzo kinasema Magnaporthe oryzae. Katoni ya dawa iliyofika dukani juzi imeandikwa Pyricularia oryzae. Mteja alisimama kaunta na chupa mbili mikononi, akaniuliza shamba lake lina ugonjwa upi kati ya hiyo. Nikakosa la kumjibu. Je, ni magonjwa matatu, au ni wataalamu hawaelewani? (Muuza pembejeo, Ifakara)

JIBU: Ndugu muuzaji, ugonjwa ni mmoja na kuvu anayeuleta ni mmoja. Mteja wako achukue chupa yoyote iliyosajiliwa kwa blasti ya mpunga, asome kiambato amilifu na kipimo chake, na hayo majina ya Kilatini asiyahangaikie. Kuvu hajabadilika, wanaompa majina ndio waliobadili mawazo mara kadhaa, na kila mara walikuwa na sababu. Jina la kisayansi, tofauti na jina la mtaani, ni dai kuhusu nasaba: neno la kwanza linataja jenasi, yaani ukoo ambao kiumbe huyo anahesabiwa kuwa wake, na la pili linamtambulisha miongoni mwa ndugu zake. Nasaba ikisomwa upya, jina nalo hutikisika.

Mambo yalianza mwaka 1880, pale Mtaliano Pier Andrea Saccardo alipounda jenasi Pyricularia kwa ajili ya kuvu aliyeishi kwenye majani ya gugu la jenasi Digitaria. Ukizitazama spora zake, yaani chembe anazozaania, kwa hadubini utaona chanzo cha jina: kila moja ina vyumba vitatu, imenenepa upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, mfano wa pea, lile tunda la Lushoto, na pea kwa Kilatini ni pirum au pyrum. Kuvu huyo wa guguni akaitwa Pyricularia grisea. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Mtaliano mwingine, Fridiano Cavara, alimwita kuvu wa mpunga Pyricularia oryzae, maana yake Pyricularia wa mpunga. Hapo tayari palikuwa na tatizo, kwa kuwa spora za hao wawili zimefanana kiasi kwamba ukizichanganya kwenye kioo kimoja huwezi kuzitenga tena kwa macho.

Tatizo la pili lilitoka kwenye maisha ya kuvu wenyewe. Kuvu wengi huzaana kwa njia mbili: moja bila kujamiiana, ambayo ndiyo huzalisha zile spora za umbo la pea zinazopeperuka mashambani, na nyingine kwa kukutana kwa jinsia mbili. Maumbo ya hatua hizi hayafanani hata kidogo. Kwa hiyo kanuni za zamani ziliruhusu kila hatua iwe na jina lake, kana kwamba mtu ana cheti kimoja cha kuzaliwa cha mchana na kingine cha usiku. Mwaka 1971, Mmarekani aitwaye Hebert alifaulu kupandisha kuvu wa Digitaria maabara na kupata hatua ya kujamiiana, akaipa jina la Ceratosphaeria grisea. Mwaka 1977 mtaalamu Margaret Barr akaihamishia kwenye jenasi Magnaporthe. Mwaka 1990 ikapendekezwa kwamba kuvu wa guguni na kuvu wa mpunga wahesabiwe kuwa spishi moja, grisea, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatofautisha kwa umbo. Kitabu chako cha chuo bila shaka kilitungwa na watu waliolelewa katika msimamo huo.

Kipeperushi chako, kwa upande wake, kinafuata kazi ya mwaka 2002. Watafiti Brett Couch na Linda Kohn walisoma jeni tatu katika kuvu waliokusanywa kwenye mimea mbalimbali, wakachora mti wa nasaba. Waliotoka kwenye Digitaria walijitenga kwenye tawi lao peke yao, na waliotoka kwenye mpunga na nafaka nyingine walikuwa kwenye tawi lingine kabisa. Vilevile, hao wa matawi mawili hawazaliani hata wakiwekwa pamoja. Kwa ushahidi huo kuvu wa mpunga akatengwa upya kwa jina la Magnaporthe oryzae, na grisea akaachiwa gugu lake.

Katoni yako ndiyo iliyo sahihi zaidi leo. Mwaka 2011, katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Melbourne, kanuni ya majina mawili ilifutwa, ikaamuliwa kwamba kuvu mmoja awe na jina moja. Ikabidi kuchagua kati ya Pyricularia na Magnaporthe. Pyricularia ni la zamani zaidi, lakini hoja nzito ilikuwa nyingine. Kila jenasi imefungwa kwenye spishi moja ya kielelezo, na jina la jenasi huenda kokote spishi hiyo iendako. Kielelezo cha Magnaporthe ni kuvu anayeozesha mashina ya mpunga, na DNA yake ilipopimwa ikadhihirika kwamba hana udugu wa karibu na kuvu wa blasti. Siku hizi anaitwa Nakataea oryzae. Jina la Magnaporthe likaenda naye, na mwaka 2016 kikundi cha wataalamu wa kuvu hawa kikapendekeza rasmi kwamba kuvu wa blasti abaki na Pyricularia. (Oda nzima ya kuvu hawa, yaani kundi kubwa linalobeba koo nyingi, hata hivyo, inaendelea kuitwa Magnaporthales. Mimi mwenyewe hucheka kila ninapoliandika.)

Ukikuta basi lebo ya mpunga yenye jina la Magnaporthe grisea, elewa kwamba inamtaja huyo huyo kwa jina lake la zamani. Angalizo ni moja: usimchanganye na Nakataea oryzae, ambaye huleta ugonjwa mwingine wa mpunga huo huo. Blasti huacha vidoa vya umbo la jicho kwenye majani, vya kijivu katikati na kahawia pembeni, kisha huozesha shingo ya suke hadi suke linasimama jeupe likiwa na mapepe matupu. Yule mwingine huanzia kwenye shina, karibu na usawa wa maji.

SWALI: Mimi ni mama mkulima. Ninalima ulezi, na jirani yangu analima mpunga ng'ambo ya mfereji. Msimu huu shingo za ulezi wangu zimeoza, vidole vimekauka bila punje. Wiki mbili baadaye mpunga wa jirani nao ukapata madoa, naye akaanza kutangaza kijijini kuwa ugonjwa umetoka kwangu na kwamba ninapaswa kumlipa. Tulimwita afisa wa kilimo, akasema kuvu ni yule yule, Pyricularia oryzae. Sasa sijui nijitetee vipi. (Mkulima, Busia)

JIBU: Mama, pole kwa ulezi, na pole zaidi kwa maneno ya kijijini. Afisa amesema kweli kuhusu jina, lakini jirani yako amelichukua jina hilo akalipa uzito usio wake. Pyricularia oryzae ni spishi moja yenye mbari kadhaa, na kila mbari ina mmea wake: ipo mbari ya mpunga, mbari ya ulezi, ya ngano, ya nafaka ndogo za jenasi Setaria, ya nyasi za Lolium ambazo wenzetu wa nchi za baridi hupanda kwenye viwanja vyao, na nyinginezo. Mbari hizi zinasomeka wazi kwenye DNA. Mbari ya ulezi ikiangukia kwenye jani la mpunga shambani, kwa kawaida haifanyi kitu. Katika maabara mtu anaweza kumwagia mche mchanga spora nyingi akapata vidoa hapa na pale, lakini kidoa cha maabara ni kitu kimoja na kuozesha shingo za shamba zima ni kingine. Madoa ya jirani yako, kama kweli ni blasti, yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa yametoka kwenye mabua ya mpunga ya msimu uliopita, au kwenye mbegu, au kwenye shamba lingine la mpunga upepo unakotokea. Na kama aliumwagia mpunga wake yurea kwa wingi, aliukaribisha ugonjwa mwenyewe, kwa sababu naitrojeni ikizidi majani huwa laini na blasti hushika upesi.

Kwa nini mbari ishindwe kuvuka mfereji wa hatua tatu? Sababu ni mfano wa mtu na mlinzi wa lango. Kuvu anapoingia kwenye jani hutoa protini ndogo ndogo za kulainisha kinga ya mmea. Mmea nao una jeni za ulinzi, na kila moja imezoea kutambua protini fulani. Ikiitambua, seli zilizoguswa hujiua papo hapo, na kuvu anabaki bila chakula. Mbari inayoishi kwa raha kwenye mmea fulani ni ile ambayo mlinzi wa mmea huo haitambui.

Ngano imetupatia mfano ulio wazi kuliko yote, na unafaa kusimuliwa kwa urefu kwa sababu unaonyesha pia lini jirani yako angeweza kuwa na haki. Hadi mwaka 1985 blasti ya ngano ilikuwa haijaripotiwa popote duniani. Mwaka huo ikaonekana katika jimbo la Paraná, Brazil. Baadaye watafiti waligundua kwamba ngano nyingi zina jeni la ulinzi liitwalo Rwt3, linalotambua protini ya kuvu iitwayo PWT3. Katika miaka hiyo wakulima wa Brazil walikuwa wakipanda sana aina ya ngano iitwayo Anahuac, ambayo haina Rwt3. Mlango ulikuwa wazi. Kuvu wa jamii ya wale wanaoishi kwenye nyasi za Lolium akapata pa kuingia, akazoea ngano, na baada ya muda wakatokea wenzake ambao jeni lao la PWT3 limeharibika na halitoi tena ile protini. Kuvu hao hawatambuliwi na walinzi, na ndipo ngano zenye Rwt3 nazo zikaanza kuangamia. Ugonjwa ukaenea hadi Bolivia, Paraguay na Argentina. Mwaka 2016 ukazuka Bangladesh na kugusa takriban hekta 15,000, na katika msimu wa mvua wa 2017 na 2018 ukaonekana Zambia, wilaya ya Mpika. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba kuvu wa Bangladesh na wa Zambia ni watoto wa mbari moja ya Amerika ya Kusini, lakini kila mmoja aliingia kwa safari yake. Zambia tunapakana nayo pale Tunduma, na wakulima wa ngano wa Nyanda za Juu Kusini wana kila sababu ya kuangalia mbegu zao zinatoka wapi.

Hata mbari ya mpunga ilianza hivyo hivyo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2005 yanasema ilihama kutoka kwenye Setaria miaka ipatayo 7,000 iliyopita, karibu na wakati ambao watu wa Asia walikuwa wakiufanya mpunga kuwa zao la shambani. Kuhama huko hutokea, basi, ila hutokea kwa nadra na kwa muda mrefu. Hakutokei katika wiki mbili kati ya shamba lako na la jirani.

Huenda utauliza kwa nini, kama mbari zinatofautiana kiasi hicho, zisipewe kila moja jina lake ili kuepusha ugomvi kama huu. Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2016 kundi moja la watafiti lilipendekeza kuvu wa ngano awe spishi mpya, Pyricularia graminis-tritici. Miaka miwili baadaye kundi lingine, likisoma jenomu nzima, yaani seti kamili za jeni, za kuvu wengi, lilionyesha kwamba mbari hizi bado hubadilishana jeni, na kwamba baadhi ya kuvu wa ngano hawakai kabisa ndani ya mpaka uliochorwa kwa ajili ya hiyo spishi mpya. Hoja ya hao wa pili ndiyo inayoniridhisha. Watu wanaoendelea kuoana huwezi kuwaita makabila yasiyojuana, hata kama wengi wao wanaishi mitaa tofauti. Kwa sasa, basi, jina linabaki moja, na anayetaka kueleweka huongeza jina la mbari: Pyricularia oryzae, mbari ya Eleusine. Eleusine ndiyo jenasi ya ulezi. Laiti afisa wenu angeliongeza neno hilo moja, mama, pengine usingeniandikia.

Upande wako sasa. Ulezi ni nafaka ya huku kwetu, iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda kabla ya kufika India, na kuvu wake amekaa nao muda mrefu. Utafiti uliofanywa kwenye blasti ya ulezi ya Kenya na Uganda ulionyesha kwamba kuvu wa majani, wa shingo na wa vidole ni jamii moja, kwa hiyo usidhani una magonjwa matatu shambani. Ulezi mwitu unaoota kwenye kingo ni wa jenasi hiyo hiyo, na tofauti na mpunga wa jirani, huo kweli unaweza kumhifadhi kuvu wako kutoka msimu hadi msimu. Ung'oe kabla haujatoa suke. Mbegu usichukue kwenye masuke yaliyooza shingo, hata yakiwa na punje mbili tatu zinazoonekana nzima. Na ukikutana na jirani, muulize alitoa wapi mbegu ya mpunga.

SWALI: Shikamoo Mtaalamu. Ninasomea stashahada ya kilimo. Tunafundishwa kuwa kutu ya shina ya ngano iitwayo Ug99 ina jina lingine, TTKSK. Mwalimu alisema tuyakariri tu. Herufi hizo zina maana gani, na huyo kuvu ametoka wapi? (Mwanafunzi, Narok)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiyakariri, yasome, kwa maana yanasomeka.

Ug99 ni Uganda na mwaka 1999: kuvu huyo alipatikana Kalengyere, Uganda, mwaka 1998, na jina akapewa mwaka uliofuata. TTKSK ni matokeo ya mtihani. Kuna ngano 20 za kupimia, kila moja ina jeni lake la ulinzi linalojulikana, nazo zimepangwa katika makundi matano ya nne nne. Kila herufi inaeleza kundi moja. T maana yake kuvu amezishinda zote nne. K maana yake ya kwanza imemzuia, tatu zilizobaki zimeshindwa. S ni kinyume chake: tatu za mwanzo zimeshindwa, ya nne imemzuia. Hesabu mwenyewe: nne, nne, tatu, tatu, tatu, ngano 17 kati ya 20 zimelala. Kundi la mwisho ndilo lililotisha watu. Ngano yake ya kwanza ina jeni Sr24, na ya pili ina Sr31, jeni lililotolewa kwenye nafaka iitwayo rai na kupandikizwa kwenye ngano nyingi sana duniani. Ile K ya mwisho inasema kwamba Sr24 imezuia lakini Sr31 imeshindwa. Mwaka 2006, hapo hapo Kenya, akapatikana ndugu yake aitwaye TTKST. Tazama herufi ya mwisho: K imekuwa T, maana yake Sr24 nayo imekwenda.

Jina rasmi la kutu hii ni Puccinia graminis, lililotolewa na mtaalamu wa kuvu Persoon mwaka 1794. Kutu huyu naye aliwahi kuwa na majina mawili, kwa kuwa sehemu ya maisha yake huishi kwenye kichaka cha baberi, na huko aliitwa Aecidium berberidis hadi Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha katika miaka ya 1860 kwamba ni kuvu mmoja. Mwaka 1894 Msweden Jakob Eriksson aliigawa spishi hii kwa kufuata mimea inayoshambuliwa, na wa ngano akawa tritici. Huo ni mpangilio ule ule wa mbari niliomweleza mama wa Busia, isipokuwa huku umeingizwa ndani ya jina lenyewe.

Kuhusu alikotoka, jibu lilipatikana mwaka 2019 na lilinishangaza hata mimi. Kila seli ya kutu inayokaa kwenye ngano ina viini viwili, na kila kiini kina seti yake kamili ya jeni. Ug99 iligunduliwa kuwa na kiini kimoja kizima kinacholingana na cha mbari nyingine ya zamani, inayoaminika kuwa ya kusini mwa Afrika na ambayo ilionekana Australia tangu mwaka 1954. Kiini cha pili kilitoka kwa mzazi mwingine. Haikuhitaji baberi wala kujamiiana. Kuvu wawili walikutana kwenye jani la ngano, nyuzi zao zikaungana, na wakabadilishana viini.

SWALI: Nyasi zangu za nepia zinatoa maua mapema, zimedumaa, na maua yamejaa unga mweusi. Shambani nina mahindi pia. Je, ni fugwe ile ile ya mahindi, na itahamia huko? (Mfugaji, Murang'a)

JIBU: Haitahamia. Kuvu wa nepia ni Ustilago kamerunensis, yaani Ustilago wa Kameruni, na yule wa fugwe inayovimbisha mahindi ni ndugu wa familia moja lakini si wa nyumba moja: kwa miaka mingi aliitwa Ustilago maydis, na mwaka 2016 akahamishiwa kwenye jenasi Mycosarcoma baada ya DNA kuonyesha kwamba yuko mbali na Ustilago wengine. Vitabu vingi bado vina jina la zamani, na hakuna ubaya.

Mashina ya nepia yenye unga huo yang'oe na mizizi yake na kuyachoma, asubuhi yakiwa bado na umande ili unga usipeperuke. Usimgawie mtu vipande vya kupanda kutoka shamba hilo, hata vile vinavyoonekana safi, kwa kuwa kuvu husafiri ndani ya shina. Unapopanda upya, uliza aina ya Kakamega 1, ambayo ilichaguliwa kwa ajili ya kuistahimili fugwe hii.